Ng'ambo na Vipimo vya Wageni

Ramani ya mji huonekana kuwa kazi ya hesabu tupu: mistari, pembe, urefu na upana. Lakini aishikaye kalamu huwa na mji mwingine moyoni mwake, mji alimolelewa, naye hupima mji wa watu kwa kipimo cha ule wa kwao. Mji wa Unguja ni ushahidi mwema wa jambo hili. Katika muda usiotimia miaka 60, Waingereza, Wajerumani na Wachina waliuchorea mipango, na kila taifa lilileta imani yake juu ya maisha mema.

Mji huo, katika karne ya 19, ulikuwa na sehemu mbili. Katika rasi ya Shangani palikuwa na majumba ya mawe. Mashariki yake, ukivuka hori la bahari, palikuwa na Ng'ambo, makao ya mafundi, wavuvi, wachukuzi na watu waliotoka utumwani. Nyumba ya Ng'ambo ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa makuti. Mbele palikuwa na baraza. Ndani, ukumbi wenye vyumba kila upande. Nyuma, ua wenye jiko. Barazani wanaume walizungumza, walikunywa kahawa na kupokea wageni wa arusi na wa msiba. Ua ulikuwa milki ya wanawake, na jirani aliweza kumwendea jirani uani kwake bila kutokea njia kuu. Kwa hiyo nyumba zilisimama kwa kufuata ujamaa na heshima, wala si kwa kufuata kamba ya mpimaji. Mgeni aliona fujo mahali ambapo mwenyeji aliona ujirani.

Mwaka 1923 H. V. Lanchester, msanifu Mwingereza aliyekwisha kufanya kazi ya namna hiyo Bara Hindi, alitoa kitabu cha mpango wa mji huu. Watawala wa zama zake waliamini kwamba afya huletwa na uwazi na hewa, na kwamba kila kabila lina mahali pake. Hori lilifukiwa kidogo kidogo, na upande wa kusini ukawa viwanja vya michezo vya Mnazi Mmoja. Maji yaliondoka, mpaka ulibaki. Mwaka 1958 ulitolewa mpango wa Henry Kendall, aliyekwisha kupanga miji Palestina na Uganda. Huo uliugawa mji kwa kazi: huku makazi, huku biashara, huku viwanda. Lakini mwanamke wa Ng'ambo akaangaye vitumbua mlangoni pake ni mkazi na mfanya biashara kwa saa ile ile, na ramani ya namna hiyo haina rangi ya kumtia.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume iliwaahidi wanyonge nyumba bora, na Ujerumani ya Mashariki ikaleta wataalamu. Mpango wa Hubert Scholz wa mwaka 1968 ulipasua Ng'ambo kwa barabara pana zinazokutana Michenzani, na kando yake yakainuliwa majumba marefu ya ghorofa. Kwao Scholz, miji iliyobomolewa na vita ilikuwa ikijengwa upya kwa majumba ya namna hiyo, na vyumba vilivyofanana vilihesabiwa kuwa alama ya usawa. Nia hiyo isidharauliwe: mtu aliyelala chini ya makuti yanayovuja alipewa ukuta imara, umeme na bomba. Lakini nyumba nyingi zilibomolewa, na nyua zikaondoka pamoja nazo. Ghorofani hapana ua. Kinu kikitwangwa juu, wa chini hutikisika; na maji yalipokosa nguvu ya kupanda, ndoo zilipanda kwa ngazi. Hata hivyo wakazi hawakuacha desturi yao. Chini ya majumba yale yale walijifanyia mabaraza na maskani, wakakirudisha kile ambacho mchoraji hakukijua.

Mpango wa Wachina wa mwaka 1982 ulikuta mji unaokua upesi kuliko karatasi, watu wakijenga pembezoni kwa namna waliyoizoea. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Ng'ambo ikaachwa nje ya kiini chake, kana kwamba hori lingali limejaa maji. Ilipofika miaka ya 2010 ndipo ulipotungwa mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ambamo wakazi waliulizwa ni mahali gani wanapathamini.

Jina hilo ni la Kiswahili, na neno lake la pili limesemwa na wenyeji wenyewe. Halithibitishi kwamba mpango huo utafaulu, maana baraza na ua navyo ni vipimo vya watu fulani, vyenye upungufu wake: mvua hupita makutini, na uchochoro mwembamba humzuia mzima moto. Lakini mpangaji aulizaye kwanza hujua ni kitu gani anachokibomoa. Wale wa kabla yake walibomoa bila kujua, kwa kuwa vitu hivyo havikuwako katika miji ya kwao.