Gabe Jones: shushushu mweusi aliyemtangulia Fury wa Samuel L. Jackson

Waulize vijana wa siku hizi jasusi mweusi wa Marvel ni nani, utajibiwa haraka: Nick Fury, yule mwenye jicho moja anayechezwa na Samuel L. Jackson. Sawa, hawajakosea. Ila wadau, Fury wa mwanzo kwenye vitabu vya katuni ni mzungu. Huyu mweusi alikuja kwenye mfululizo mwingine kabisa, na sura ya Jackson tunaikuta kwenye The Ultimates ya mwaka 2002, kabla ya sinema ya Iron Man ya 2008. Mtu mweusi aliyekuwa pembeni ya Fury tangu siku ya kwanza ni Gabriel Jones, na huyo wengi hawamjui.

Gabe alizaliwa kwenye karatasi Mei 1963, toleo la 1 la Sgt. Fury and his Howling Commandos, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Ni kikosi kidogo cha makomandoo wa Vita Kuu ya Pili, kila mmoja ametoka kwake: Izzy Cohen ni Myahudi, Dino Manelli Muitaliano wa Marekani, Rebel Ralston mtu wa Kusini, na Gabe mpuliza tarumbeta wa jazi anayeingia nalo vitani. Hapo kwenye tarumbeta mimi nina neno kidogo. Mweusi akiingia kwenye hadithi lazima awe mwanamuziki? Lakini tuwe wakweli, pamoja na tarumbeta alipewa bunduki, akapigana sawa na wenzake na hakuwekwa pale kuchekesha watu.

Balaa lilianzia kwenye rangi. Katika toleo lile la kwanza Gabe alitoka na ngozi ya kizungu! Stan Lee alisimulia baadaye kwamba watu wa kutengeneza rangi za uchapishaji walidhani kuna makosa, wakamgeuza, ikabidi waandikiwe maelezo kwamba jamaa ni mweusi kweli. Matoleo yaliyofuata yakarekebishwa. Yaani mwaka 1963 kumwona mweusi ndani ya kikosi cha mashujaa kulionekana ni makosa ya mchapaji.

Na kihistoria, kikosi cha namna ile hakingekuwepo. Jeshi la Marekani wakati wa vita lilitenganisha watu kwa rangi. Weusi walikuwa na vikosi vyao, kama marubani wa Tuskegee na kikosi cha vifaru cha 761, na wengi zaidi walipangiwa malori, mizigo na majiko. Msafara wa Red Ball Express, uliopeleka mafuta na risasi mstari wa mbele Ufaransa mwaka 1944, madereva wake wengi walikuwa weusi. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi jeshini ilitoka Julai 1948, vita vimeshaisha miaka mitatu. Kirby mwenyewe alipigana Ufaransa mwaka 1944, kwa hiyo hakuwa mgeni wa mambo haya. Toleo la 6 la mwaka 1964 liligusa kidonda hicho waziwazi: anaingia askari mmoja mbaguzi, anawadharau Izzy na Gabe, na Fury hamvumilii.

Kuna watakaosema Gabe ndiye askari mweusi wa kwanza kwenye katuni za vita. Hapana. DC walishamleta Jackie Johnson, bondia aliyegeuka askari wa Easy Company, mwaka 1961. Ila kwa upande wa Marvel, Gabe alitangulia kwa miaka mitatu Black Panther wa 1966, na kwa sita Falcon wa 1969.

Ujasusi ulifuata. Mwaka 1965 Marvel walianzisha S.H.I.E.L.D. kwenye Strange Tales, Fury akiwa bosi, na Gabe pamoja na Dum Dum Dugan wakamfuata kwenye kazi hiyo ya ushushushu. Miaka ya 1970, kwenye Captain America, wakamwandikia mapenzi na Peggy Carter, mzungu. Msione ni jambo dogo: hadi hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1967, majimbo 16 yalikuwa bado yanakataza ndoa za namna hiyo.

Pamoja na yote hayo, hakuwahi kupata kitabu chenye jina lake peke yake juu ya jalada. Kwenye Secret Warriors, mwaka 2010, mwandishi Jonathan Hickman alimuua vitani, bado yuko na wazee wenzake wa kikosi.

Sinema ilimkumbuka kidogo. Kwenye Captain America: The First Avenger ya 2011 anachezwa na Derek Luke, msomi wa Chuo Kikuu cha Howard anayejua Kijerumani na Kifaransa. Halafu mwaka 2014, kwenye tamthilia ya Agents of S.H.I.E.L.D., akatokea kijana Antoine Triplett, mjukuu wa Howling Commando mmoja. Kijana huyo anakuja na sanduku la vifaa vya kijasusi vya babu yake, vya kizamani kabisa, na vinafanya kazi.