Trauti: Samaki wa mito baridi ya Nyandarua

TRAUTI si samaki wa asili nchini Kenya. Ewart Grogan aliwaleta kutoka Scotland mwaka wa 1905, wakapandikizwa katika Mto Gura, milimani Nyandarua.

Huvuliwa kwa mshipi na chambo bandia: ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ya ndege ikafanana na mdudu. Januari na Februari, kabla ya mvua ya masika, maji huwa maangavu na samaki hukiona chambo kwa urahisi.

Trauti huhitaji maji baridi yenye oksijeni nyingi, na hutaga kwenye changarawe safi. Msitu ukifyekwa, udongo huteremka mtoni, ukayafukia mayai yakakosa hewa. Kutoweka kwake basi ni onyo kwa kila anayetegemea mto huo, ambao maji yake huishia Tana.