Tarehe ya Ufundi wa Picha za Wanyama wa Msasani

Asili ya ufundi huu, ambao umeenea Kinondoni na kuvuka bahari, ni marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyefika Dar es Salaam kutafuta riziki kama wafikavyo wengi wa kusini, akashika kazi hii na ile, hata mwaka 1968, alipokuwa akikaa Msasani, akatwaa vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za baiskeli, akaketi chini ya mbuyu kuchora. Picha hizo mkewe aliziuza penye duka la Morogoro Stores, na aghalabu wanunuzi walikuwa Wazungu wa Oysterbay.

Wako wanaodai kwamba aliiga wachuuzi wa picha kutoka Kongo. Dai hilo silikubali. Kwamba picha huuzika, huenda alijifunza kwao. Lakini mkono ni jambo jingine. Wazee wa kusini husimulia kuwa kuta za nyumba za udongo huko kwao zilichorwa watu na wanyama tangu enzi za mababu, na umbo lile la mnyama mmoja, lililosimama juu ya rangi moja tupu, pasi na mti wala kilima nyuma yake, mithili ya kivuli kilichoangukia ukuta kwa mwanga wa koroboi, halikutoka kwingine ila humo.

Na kivuli hicho ni ngano. Aliyelelewa kwa paukwa na pakawa, akimwona fisi ametumbua macho na tumbo limemtangulia, hahitaji kuelezwa ni nani mtaani kwake aliyekula amana ya watu. Mnyama ametajwa, binadamu amejitambua, wala hapana awezaye kumshitaki mchoraji.

Mwaka 1972 polisi walimdhania Tingatinga mhalifu anayekimbia, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu, nami kila niihesabupo naona uchungu.

Wanafunzi wake Ajaba, Linda, Mandu, Tedo na Amonde wakaishika kazi hiyo. Mwanafunzi mwingine, Mpata, alikwenda Nairobi. Baadaye akaja Mohamed Charinda wa Nakapanya, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye hakuridhika na mnyama mmoja, bali alijaza ubao ngano nzima nzima, mashetani na waganga, maisha ya kijijini na misafara ya watumwa, hata picha ikawa baraza.

Mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika, makao yao yakiwa palepale Morogoro Stores.