Husuni na Vitabu vya Kale

Mtu wa Ulemo anayependa ngome za kale hana budi kujieleza. Huku kwetu Iramba mawe hayakosekani, lakini wazee hawakuyajengea nyumba. Walijenga tembe: nguzo, fito, na udongo mpaka juu ya paa. Nyumba ya tembe ikikosa mtu wa kuitazama, mvua za miaka michache hutosha kuirudisha ardhini. Ngome iliyo jirani ni boma la Mkalama, nalo walilijenga Wajerumani. Silipendi sana, maana halikujengwa kumlinda mtu wa huku.

Basi nikianza habari za Kilwa Kisiwani, jamaa huniuliza, “Hayo ni ya Waarabu, wewe yanakuhusu nini?” Jibu langu ni refu, na linaanzia kwenye kitabu.

Tuliosoma zamani tunakikumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Rider Haggard iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1929. Ni hadithi tamu, sikatai. Lakini humo kazi kubwa za mawe zinazokutwa katika bara hili ni za wageni wa kale waliokuja wakaondoka. Ndivyo walivyofikiri wasomi wengi wa Ulaya wakati ule, walipoyatazama magofu ya Zimbabwe na ya pwani yetu.

Kilwa ina kitabu chake yenyewe. Ni historia iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na mtu ambaye jina lake halikubaki, ila anasema alizaliwa mwaka 1499. Nakala moja Sultani Barghash wa Unguja alimpa John Kirk, balozi wa Uingereza, na hivyo ikafika London. Ikachapwa mwaka 1895. Mwandishi aliahidi milango kumi, lakini nakala hiyo inakoma kwenye wa saba. Anasimulia jinsi watu wa Shirazi walivyofika kwa jahazi na kukinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mreno João de Barros naye aliipata historia ya wafalme wa Kilwa, akaitia katika kitabu chake cha mwaka 1552, na habari zake hazilingani kila mahali na zile za Kiarabu.

Ndiyo maana sivipendi vitabu bila magofu, wala magofu bila vitabu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Anausifu mji kwa uzuri, lakini anasema umejengwa kwa miti. Hata hivyo, Msikiti Mkuu ulianza kujengwa kwa mawe karne kadhaa kabla yake, na bado umesimama pale na makuba yake. Kwa upande mwingine, sultani aliyemsifu kwa ukarimu, Al-Hasan bin Sulaiman, jina lake lilikutwa limechongwa kwenye jiwe huko Husuni Kubwa, wakati Neville Chittick alipofukua magofu hayo katika miaka ya 1960. Hapo jiwe na kitabu vinashikana mikono.

Husuni Kubwa ndiyo inayonikosesha usingizi. Jina limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini lile lilikuwa jumba la kifalme: vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali la bahari, nyua za kupokelea wageni, maghala ya biashara, na birika la kuogea lenye pembe nane. Halikukamilika kamwe, na halikukaliwa muda mrefu. Ngome ya kweli ni Gereza, kule ufukoni. Wareno walijenga pale mwaka 1505 wakaondoka 1512. Jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, wa mnamo 1800.

Sasa, ni ya nani? Matumbawe yalikatwa papo hapo, chokaa ikachomwa papo hapo, na boriti zikatoka kwenye mikoko ya papo hapo. Dhahabu iliyolipia kazi hiyo ilitoka bara, ikapitia Sofala. Na sarafu ya Al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika pwani ya Kenya na Tanzania. Wengi wao walikuwa na nasaba ya Kiafrika upande wa kina mama, na ya Kiajemi kwa sehemu kubwa upande wa kina baba, na mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000. Yule mwandishi wa Kilwa hakuwa mwongo, basi. Ila wake wa wale mabaharia hakuwataja inavyostahili. Nao ndio waliolea, na lugha waliyowafundisha watoto wao ni ya Kibantu, kama Kinyiramba chetu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikianguka na bahari ikila ufuko. Zilijengwa kinga, ikapandwa mikoko, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Mikoko, si saruji tu: miti ileile iliyowapa boriti.