Mioto ya Juni katika Milima ya Tirol

Tirol ni jimbo la magharibi mwa Austria, nchi ya milima mirefu na mabonde membamba. Mwishoni mwa Juni jua huko halitui mpaka saa tatu usiku imepita, na mchana huchukua takriban saa 16. Sisi wa karibu na ikweta, ambao mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima, hatuna budi kutulia kidogo ili tuelewe uzito wa majira hayo kwa watu waliokaa miezi chini ya theluji. Giza likishaingia, moto mmoja huwaka juu ya mlima, wa pili hujibu ng'ambo ya bonde, kisha wa tatu, hadi vilele vyote vya jirani viwe na alama ya moto.

Vijitabu vya watalii hupenda kusema kwamba mila hii ina maelfu ya miaka na haijabadilika. Sikubaliani na maneno hayo. Mioto ya mkesha wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambaye sikukuu yake ni tarehe 24 Juni, inatajwa katika maandishi ya Ulaya tangu karne ya 12. Fikra kwamba ni mabaki ya dini ya kale ya makabila ya Kijerumani ilipata nguvu kutokana na Jacob Grimm, yule yule wa hadithi za watoto, katika kitabu chake Deutsche Mythologie cha mwaka 1835. Ushahidi wake ni mwembamba, na baadaye fikra hiyo ilitumiwa na watu wabaya. Historia ya kweli ya mioto hii ni ya mabadiliko, na ndiyo maana inavutia.

Kwa wakulima wa zamani, moto wa Yohane ulikuwa shughuli ya kijiji. Watoto na vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiomba kuni, na aliyenyima alikumbukwa vibaya. Moto ulipopungua, watu waliuruka. Mvulana na msichana waliruka wameshikana mikono, na mikono isipoachana iliaminika kwamba wataoana. Palipolimwa kitani, kadiri mtu alivyoruka juu ndivyo zao lilivyotarajiwa kurefuka shambani. Wanawake walichuma mimea inayochanua siku hizo, hasa ule wa maua ya njano ambao Wajerumani wameupa jina la mtakatifu mwenyewe, wakaisuka mashada ya kutundika mlangoni ili radi na maradhi yapite kando.

Milimani, moto ulikuwa na kazi nyingine pia. Tarehe 23 Juni 1511, mkesha huo huo wa Yohane, Kaisari Maximilian wa Kwanza alitia saini hati iitwayo Landlibell, iliyowapa watu wa Tirol wajibu wa kuilinda nchi yao kwa silaha bila kulazimishwa kwenda kupigana nje ya mipaka yake. Jeshi la wakulima waliotawanyika mabondeni liliitwaje? Kwa kengele za makanisa na kwa mioto ya vileleni. Kwa hiyo Mtirol alipoona moto juu ya mlima, aliweza kusoma ndani yake habari ya sikukuu au habari ya adui, kutegemea siku.

Mambo hayo mawili yalikutana mwaka 1796. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yamekwisha kuingia Milano, na njia ya kuelekea kaskazini ilipita Tirol. Wawakilishi wa jimbo walikutana katika mji wa Bozen, na tarehe 1 Juni, kwa pendekezo la Sebastian Stöckl, abate wa monasteri ya Stams, waliweka nadhiri: Tirol ingeadhimisha kila mwaka, kwa heshima zote, Sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanaijua sikukuu hiyo, kwa kuwa Juni ndio mwezi wake hata katika parokia zetu. Lakini wakati ule Kanisa zima lilikuwa bado halijaipokea. Papa Pius wa Tisa aliieneza duniani kote mwaka 1856, miaka 60 baada ya nadhiri ya Bozen.

Hapa pana jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka. Ibada ya Moyo Mtakatifu ilikuwa imesambazwa vijijini na Wajesuiti, nao watawala wa Austria mjini Vienna, waliokunywa mawazo ya Mwangaza, yaani ya kutanguliza akili kuliko mapokeo, waliiona kuwa ushirikina. Kaisari Joseph wa Pili alikuwa amepunguza sikukuu, maandamano na hija, akidai zinawapotezea watu siku za kazi. Kuichagua ibada hiyo hiyo wakati wa hatari kulikuwa pia ni kuwajibu watawala: dini yetu mnayoidharau ndiyo tutakayoikimbilia.

Kwa Mkataba wa Pressburg wa mwaka 1805 Tirol ilipewa Bavaria. Serikali mpya ilirudia kosa lile lile, ikapiga marufuku misa ya usiku wa manane ya Krismasi na maandamano mengi. Wakulima waliasi mwaka 1809 wakiongozwa na Andreas Hofer, mwenye nyumba ya wageni. Hofer aliirudia nadhiri ya 1796, na watu wake walishinda mara tatu katika kilima cha Bergisel, karibu na Innsbruck, kabla ya kushindwa tarehe 1 Novemba. Aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Mantua tarehe 20 Februari 1810.

Baada ya hapo mioto ya Juni mahali pengi ilihama kutoka mkesha wa Yohane kwenda Jumapili ya Moyo Mtakatifu. Maadhimisho ya miaka 100 ya nadhiri, mwaka 1896, yaliufanya moto wa vileleni kuwa nembo ya jimbo zima. Hata wimbo wa Moyo Mtakatifu ambao Watirol huuimba kana kwamba ulikuwapo tangu enzi za Hofer ulitungwa mwaka huo.

Nembo, hata hivyo, huibwa. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliikata Tirol vipande viwili na kuipa Italia sehemu ya kusini. Mwaka 1938 Austria ilimezwa na Ujerumani ya Hitler. Wanazi waliupenda moto, ila hawakuutaka msalaba. Walifanya sherehe za jua la kiangazi zenye bendera na hotuba, wakidai kurejesha dini ya mababu. Kisha usiku wa Jumapili ya Moyo Mtakatifu, tarehe 11 Juni 1961, wanaharakati wa Tirol Kusini walilipua zaidi ya nguzo 30 za umeme kupinga utawala wa Italia. Waliuchagua usiku huo kwa makusudi, kwa sababu milima yote ilikuwa inawaka. Siku iliyofuata mfanyakazi wa barabara, mtu asiyehusika kabisa, aliuawa na bomu lililobaki bila kulipuka. Kisa hiki lazima kisimuliwe pamoja na uzuri wa mioto, maana bila hicho tunabaki na picha za postikadi.

Leo mahali pa kuuona ufundi wenyewe ni Ehrwald, chini ya mlima Zugspitze, ambako mioto ya mlimani iliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya Austria ya urithi wa utamaduni usioshikika. Vikundi vya wenyeji hupanda mapema wakiwa na mizigo mgongoni, kisha hupanga vituo vya moto kimoja kimoja juu ya mteremko hadi vikamilishe umbo: msalaba, moyo, kikombe cha misa, mnyama. Kazi hiyo inahitaji jicho. Umbo lililo sawa kwa aliyesimama mteremkoni huonekana limebanwa kwa aliye bondeni, kwa hiyo ni lazima lirefushwe kwa kadiri. Wengine huvipanga kwenye sehemu zenye mawe matupu, mahali ambapo kuteleza ni kufa. Giza likiingia huwasha kwa zamu, na walioko kijijini huona mstari ukijichora gizani. Kisha huteremka usiku kwa mwanga wa tochi.

Wafalme walijaribu kuuzima moto huu, Wanazi wakauteka, na siku hizi hoteli huuza vyumba kwa jina lake. Kwa maoni yangu wenye haki nao ni wale wanaobeba mizigo, na yeyote anayeandika juu ya Tirol angepaswa kuanzia kwao kabla ya kumtaja Hofer. Msomaji atakayebahatika kufika huko na ajue kwamba Ehrwald huwasha Jumamosi iliyo karibu na tarehe 21 Juni, na sehemu nyingine husubiri Jumapili ya Moyo Mtakatifu. Hali ya hewa ikichafuka, hakuna anayepanda mlima, na sherehe huahirishwa.