Neno Dhidi ya Neno: Jinsi Ukweli Ulivyotafutwa kati ya Evra na Suárez

Tarehe 15 Oktoba 2011, katika uwanja wa Anfield mjini Liverpool, wenyeji walitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Manchester United. Leo ni wachache wanaoyakumbuka mabao yale. Kinachokumbukwa ni maneno machache yaliyosemwa kwa Kispanyola mbele ya lango, wachezaji wakingoja mpira wa kona. Waliosemezana walikuwa Luis Suárez, mshambuliaji wa Liverpool aliyezaliwa Uruguay, na Patrice Evra, nahodha wa Manchester United siku ile, mzaliwa wa Dakar nchini Senegali aliyekulia Ufaransa. Hakuna chombo kilichonasa sauti zao, wala mwamuzi hakuyasikia maneno yao. Mmoja alishtaki, mwingine akakana.

Shauri la namna hiyo ni gumu kuliko mengine yote ya ubaguzi viwanjani. Umati unapomzomea mchezaji kwa kuiga sauti za nyani, kila mtu husikia. Lakini wachezaji wawili wanapotupiana maneno uso kwa uso, tunabaki na neno dhidi ya neno. Tumwamini nani? Historia ya miaka hii inatuonyesha kwamba hata hapo ipo njia ya kuutafuta ukweli. Inatuonyesha pia kwamba madhara mengi yalitoka kwa wale waliochagua upande kabla njia hiyo haijafika mwisho wake.

Evra alieleza hivi. Dakika chache kabla, Suárez alikuwa amempiga teke gotini. Alipomwuliza sababu, alijibiwa kwamba ni kwa kuwa yeye ni mweusi, na neno "negro" likarudiwa katika majibizano yaliyofuata. Evra hakujipamba: alikiri kwamba ni yeye aliyeyaanza mazungumzo kwa tusi la kumtaja dada wa mwenzake. Suárez, kwa upande wake, alikubali kwamba alilitamka neno hilo mara moja tu. Alisema kwamba kwao Uruguay ni namna ya kawaida ya kumwita mtu, bila nia ya kumdhalilisha.

Mchezo ulipokwisha, Evra alikwenda kwenye chumba cha mwamuzi, Andre Marriner, akiwa pamoja na kocha wake Alex Ferguson, akatoa mashtaka yake. Chama cha Mpira wa Miguu cha Uingereza kilichunguza jambo hilo, na mwezi wa Novemba kikamfungulia Suárez mashtaka. Tume huru ya watu watatu, ikiongozwa na mwanasheria Paul Goulding, ilisikiliza shauri hilo mwezi wa Desemba. Tarehe 20 Desemba ilitangaza uamuzi wake: Suárez asicheze michezo 8, na alipe faini ya pauni 40,000. Siku 11 baadaye, sababu za uamuzi huo zilitolewa hadharani katika maandishi ya kurasa 115.

Kurasa hizo zinastahili kuangaliwa, kwa maana zinaonyesha namna tume ilivyofikiri. Haikutosheka kuuliza ni nani mwenye sura ya mkweli. Iliwasikiliza mabingwa wawili wa lugha na utamaduni wa Amerika ya Kusini, wakaeleza kwamba neno "negro" katika Uruguay linaweza kuwa la upendo kati ya marafiki na la matusi kati ya wagombanao. Wakasema pia kwamba, kama maneno yalitamkwa jinsi Evra alivyoyaeleza, basi hata huko Uruguay yangehesabiwa kuwa tusi. Tume iliangalia picha za video, ambamo Suárez anaonekana akiufinya mkono wa Evra. Alikuwa amesema kwamba alifanya hivyo ili kutuliza hasira, lakini alipohojiwa hakuweza kuyatetea maelezo hayo. Tena tume ililinganisha maneno yake na yale ambayo watu wa Liverpool wenyewe, waliozungumza naye mara baada ya mchezo, walikuwa wameyaeleza. Hayakupatana. Mwishowe ikaona kwamba neno lile lilitamkwa mara 7.

Jambo moja lisitupite. Evra mwenyewe aliiambia tume kwamba hamhesabu Suárez kuwa mbaguzi. Wala si hilo aliloshtakiwa. Lililohukumiwa ni tendo alilolifanya siku ile. Tofauti hiyo si hila ya wanasheria. Inamwachia aliyekosa mlango wa kurudi, na inawazuia watetezi wake kujibu "mimi namfahamu, ana moyo mwema" kana kwamba wema wa moyo unafuta neno lililotamkwa.

Wengine walisema wakati ule kwamba neno ni neno tu, na mpira ni mchezo wa wanaume. Wazee wetu wa Kongo wasingelikubali jambo hilo. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, neno "macaque", jina la aina ya nyani, lilitumiwa kumtukana Mwafrika ili ajue mahali alipowekwa. Neno la namna hiyo hubeba historia yake kila linapokwenda. Anayelitamka anaweza kuisahau historia hiyo, anayelipokea hawezi.

Sasa tuwaangalie waliosimama kando. Tarehe 21 Desemba 2011, siku moja tu baada ya uamuzi kutangazwa na kabla sababu zake hazijasomwa na mtu, wachezaji wa Liverpool walipasha misuli moto katika uwanja wa Wigan wakiwa wamevaa fulana zenye picha ya Suárez. Kocha wao Kenny Dalglish naye alivaa. Walitaka kumtia moyo mwenzao, na mshikamano ni jambo jema. Lakini fulana zile zilimwambia Evra, na kila mtoto mweusi aliyekuwa akitazama, kwamba mashtaka yake hayakustahili hata kusomwa. Mwezi wa Januari Evra alirudi Anfield, akazomewa. Tarehe 11 Februari 2012, timu hizo zilipokutana tena, Suárez hakuupokea mkono wa Evra. Kesho yake yeye na kocha wake waliomba radhi kwa jambo hilo. Kuhusu zile fulana, ilipita miaka mingi zaidi. Mwaka 2019, Jamie Carragher, mmoja wa wachezaji wa Liverpool wa wakati ule, alimwomba Evra radhi mbele ya watazamaji wa televisheni, akikubali kwamba klabu ilikosea. Miaka karibu 8 ni muda mrefu wa kungoja neno moja.

Siku 8 tu baada ya mchezo wa Anfield, tarehe 23 Oktoba 2011, shauri jingine lilizuka mjini London. John Terry, nahodha wa Chelsea na wa timu ya taifa ya Uingereza, alishtakiwa kwamba alimtolea Anton Ferdinand wa Queens Park Rangers tusi la rangi. Safari hii midomo ilionekana katika picha. Terry hakukana kwamba maneno yalimtoka. Alisema alikuwa akiyarudia tu kwa mshangao, akidhani Ferdinand alikuwa amemsingizia kuyasema. Shauri lilifika mahakamani, na mwezi wa Julai 2012 hakimu akamwachilia. Lakini mwezi wa Septemba tume ya Chama cha Mpira wa Miguu ilimwona na hatia, ikamfungia michezo 4 na kumtoza faini ya pauni 220,000.

Vijana wengi wakisikia hivyo huuliza: inawezekanaje mtu mmoja awe hana hatia na awe na hatia kwa neno lilelile? Jibu liko katika kipimo. Mahakama ya jinai inaweza kumnyima mtu uhuru wake au kumtia doa la maisha, kwa hiyo yadai uthibitisho usioacha shaka ya maana. Hakimu hakusema kwamba maelezo ya Terry ni ya kweli. Alisema kwamba hakuweza kuwa na hakika kwamba ni ya uongo. Tume ya michezo huuliza swali jepesi zaidi: kati ya maelezo haya mawili, lipi lina uzito kuliko jingine? Kwa hiyo hukumu hizo mbili hazipingani. Mtu asemaye "mahakama ilimwachilia, basi Ferdinand alisema uongo" hakuelewa mahakama ilisema nini.

Na Ferdinand mwenyewe? Hakuyasikia maneno yale uwanjani. Aliyajua baadaye kwa njia ya video. Hakwenda kumshtaki mtu, lakini yeye ndiye aliyebeba mzigo. Kwa miaka mingi alinyamaza. Mwaka 2020, katika filamu ya BBC, alieleza jinsi shauri lile na kimya chake vilivyomwumiza yeye na jamaa yake. Shauri linaweza kufungwa katika vitabu na kubaki wazi ndani ya mtu.

Haki, hata hivyo, humlinda pia anayeshtakiwa. Mwezi wa Aprili 2021 Mouctar Diakhaby wa Valencia alisema ametukanwa na Juan Cala wa Cádiz. Timu yake ilitoka uwanjani, kisha ikarudi bila yeye. Uchunguzi wa ligi ya Hispania haukupata ushahidi wa maneno hayo, na Cala hakuadhibiwa. Kukosekana kwa ushahidi hakumfanyi Diakhaby kuwa mwongo, wala Cala kuwa mkosaji. Kuna mahali ambapo binadamu hufika, hukiri mpaka wa uwezo wake, akasimama.

Mwezi mmoja kabla, mjini Glasgow, Ondřej Kúdela wa Slavia Prague alimsogelea Glen Kamara wa Rangers, akafunika mdomo kwa mkono na kumnong'oneza sikioni. Kúdela alikana kwamba lilikuwa tusi la rangi, lakini UEFA ilimfungia michezo 10. Kamara naye alifungiwa michezo 3, kwa kuwa alimshambulia Kúdela baada ya mchezo. Adhabu hiyo ya pili iliwauma wengi. Lakini inasema jambo ambalo ni gumu kulikubali: aliyeonewa ana haki ya kusikilizwa, na haki hiyo haiwi ngumi.

Vijana wapenzi, katika mashindano yetu ya mtaa na ya parokia hatuna kamera wala tume. Tunazo ndimi, na tunajua jinsi jina la kabila la mtu linavyoweza kugeuzwa kuwa jiwe. Siku mwenzenu atakapokuja akisema "amenitukana", mwandikieni maneno yake siku hiyohiyo, mwiteni na mwingine aseme yake, waulizeni waliokuwa karibu, na msimvalie mtu yeyote fulana kabla ya kusikia.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

1. Rafiki yetu anaposhtakiwa, tunaweza kumtegemezaje bila kumdharau anayeshtaki?
2. Kwa nini Anton Ferdinand alinyamaza muda mrefu? Ni nani kati yetu anayenyamaza leo?
3. Pasipokuwa na ushahidi wa kutosha, tunawadai nini wote wawili?