Sumu Inayofugwa Ng'ambo

Misitu ya Kongo haina mjusi mwenye sumu ya kumdhuru binadamu. Kinyonga, anayeogopwa karibu kila pembe ya Afrika ya Kati na Mashariki, hana sumu hata tone. Mijusi waliojulikana tangu zamani kwa sumu yao ni wa jamii moja, Heloderma, na makao yao ni Mexico, Guatemala na majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani. Mashuhuri kati yao ni mjusi wa Gila: mnene, mzito wa mwendo, ngozi yake kama imetungwa kwa shanga nyeusi na za rangi ya chungwa. Tezi zake za sumu ziko kwenye taya la chini. Hadungi kama nyoka. Huuma akang'ang'ania, na sumu hupanda polepole kwenye mifereji ya meno.

Kwa miaka mingi watu wa Arizona walimuua kila walipomwona. Mwaka 1952 jimbo hilo likapiga marufuku kumuua au kumkamata, na mwaka 1963 bustani ya wanyama ya San Diego ikafanikiwa kumzalisha kizuizini. Kazi hiyo ilidai subira. Mjusi huyu lazima apitishwe kwenye baridi kwa miezi kadhaa bila kula ndipo apande majira ya joto yanaporudi, na mayai yake hukaa miezi mingine mingi kabla ya kuanguliwa. Mwaka 1992 John Eng, daktari wa hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, alieleza kemikali aliyoikuta katika sumu hiyo. Kutokana nayo ikatengenezwa dawa ya kisukari, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005.

Miji ya Beni na Butembo, katika Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, nayo ina mnyama wake, na historia yake imekwenda njia nyingine.

Jina lake la kitaalamu ni Atheris nitschei, nyoka wa kijani mwenye madoa meusi, ambaye kwa kawaida hafiki hata mita moja. Magamba yake yana mgongo katikati, hivyo mwili mzima hukwaruza ukiguswa. Anaishi kwenye mafunjo, mianzi na vichaka vya nyanda za juu, kuanzia Ruwenzori na Virunga hadi Rwanda na Burundi. Mkia wake hushika tawi kwa nguvu huku kichwa kikining'inia kusubiri panya, chura au kinyonga. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, wenye rangi ya giza na ncha ya mkia iliyopauka. Gustav Tornier wa Berlin ndiye aliyempa jina hilo la kitaalamu, mwaka 1902, na tangu hapo nyoka huyu na ndugu zake wa Kongo wamekuwa wakisafiri kwenda ughaibuni.

Mwanzoni walisafiri wakiwa wafu. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin, aliyeingia Kongo akiwa kijana wa miaka 19, walizunguka kaskazini mashariki mwa koloni la Wabelgiji wakikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Nyoka wao waliandikwa na Karl P. Schmidt katika kitabu kilichotoka mwaka 1923. Kisha, mwaka 1933 hadi 1935, Mbelgiji Gaston-François de Witte aliongoza msafara wa utafiti katika Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na chupa zake zenye nyoka zikaenda Brussels. Elimu iliyopatikana ni kubwa, wala haifai kubezwa: hadi leo anayetaka kujua ni nyoka gani wanaishi karibu na Beni hana budi kurudi kwenye maandishi hayo. Lakini nyoka wa kwenye chupa hatoi sumu ya kutengenezea dawa.

Kwa hilo anahitajika nyoka aliye hai, na kazi ya kumweka hai ilikua mbali na Kivu.

Kusini mwa Tanganyika alikuwepo C.J.P. Ionides, afisa wa idara ya wanyamapori aliyeishi Liwale na baadaye Newala, ambaye watu walimwita Bwana Nyoka. Nyoka waitwao mamba wa kijani aliwafuata juu ya miti akiwa na ufito mrefu wenye koleo. Kwa bafe wa Gaboni, mwenye meno yanayofikia sentimita tano, alikuwa na utaratibu wake: alimgusa kidogo kichwani kwa koleo kupima hasira yake, na akiona ametulia alimshika shingo kwa mkono mmoja na kumwinua huku mwingine ukibeba mwili mzito. Bafe huyo huyo anaishi katika msitu wa Ituri, ambako wakulima wa Beni wanafyeka mashamba ya kakao. Nyoka wa Ionides walikwenda kwenye bustani za wanyama na maabara za nchi nyingi.

Mwaka 1961 Nairobi ilifungua bustani ya nyoka kando ya jumba la makumbusho. Mmoja wa wasimamizi wake, James Ashe, alihamia pwani na mwaka 1980 akaanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu pamoja na mkewe Sanda. Hapo nyoka hukamuliwa: mshikaji hubana kichwa nyuma ya taya, meno hutoboa utando uliofunika chombo cha kioo, na sumu hudondoka ikiwa ya manjano. Mwaka 2004 swila mmoja mkubwa alitoa mililita 6.2 kwa mkamuo mmoja. Miaka mitatu baadaye wataalamu walithibitisha kuwa ni spishi ya peke yake, wakamwita Naja ashei kwa heshima ya Ashe, aliyekuwa ameshafariki. Meserani, nje kidogo ya Arusha, bustani ya nyoka iliyoanza mwaka 1993 ina zahanati inayowatibu wenyeji walioumwa bila malipo.

Zahanati ile inaonyesha thamani ya ufugaji huu kuliko maelezo yoyote. Sumu iliyokamuliwa hudungwa kwa farasi kidogo kidogo kwa miezi, hadi damu yake ijenge kinga. Kinga hiyo ndiyo husafishwa ikawa seramu. Njia hii Albert Calmette aliionyesha Ufaransa tangu miaka ya 1890, na msingi wake haujabadilika. Seramu hutibu sumu iliyotengenezewa, au inayofanana nayo sana. Nyoka asiyekamuliwa hana seramu yake mwenyewe.

Seramu ya Fav-Afrique, iliyotengenezwa Ufaransa na Sanofi Pasteur, ilifaa Kongo kwa sababu ilitokana na spishi kumi, wakiwemo bafe wa Gaboni, swila wa msituni na mamba wa Jameson. Kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Shirika hilo linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka.

Nyoka wa kijani wa Ruwenzori hakuwemo hata katika orodha ile ya kumi. Hakuna seramu iliyotengenezwa kwa ajili yake wala kwa ndugu zake wa jamii ya Atheris. Wakati huo huo wanafugwa na kuzalishwa kwenye masanduku ya kioo Ulaya na Marekani, na watu wanaopenda rangi zao, tena huuzwa na kununuliwa kama samaki wa mapambo. Anayewafuga huko amejua wanakula nini, wanapenda ubaridi gani, wanazaa lini. Mkulima wa kahawa anayekutana naye shambani anaachiwa jiwe jeusi, ule mfupa wa ng'ombe uliochomwa ambao mapadri waliueneza nchini Kongo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa halizuii sumu.

Wakongo wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1987 Chifundera Kusamba, mtafiti wa Lwiro, Kivu Kusini, alichapisha uchunguzi wa mimea inayotumiwa na waganga wa Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, dhidi ya sumu ya nyoka. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, na mji uko juu kiasi cha mita 1,700, katika ubaridi anaoupenda nyoka huyu. Wafanyabiashara wake huleta mizigo kutoka Mombasa na Kampala kupitia mpaka wa Kasindi. Chumba kimoja chenye kufuli imara, watu wawili waliofunzwa Watamu, panya wa kulisha na friji ya kuhifadhi sumu ni vitu ambavyo mji wa wafanyabiashara kama huu unaweza kuvigharamia. Sumu ya kwanza itakayokamuliwa humo ingeweza kupelekwa kwa watengenezaji wa seramu, ipimwe kama dawa zao za sasa zinaizuia, na jibu lirudi kwa wauguzi wa Beni, Oicha na Lubero.